Zawadi za Idi kwa wafanyakazi: duka la jumla la Langoni na mpango wao wa daftari

Kama una gesti ama mkahawa apa Lamu na Idi inakaribia na mfuko umekauka, hebu soma hii kabla hujaamua kuwaambia watu wako mwaka huu hakuna kitu. Nazungumzia duka moja la jumla kule mtaa wa Langoni, la unga na mchele, ambalo wanakubali uwawekee wafanyakazi wako zawadi kwa daftari. Yaani unalipa wewe, jina la kila mtu linaandikwa na kiwango chake, alafu mwenyewe anakuja kuchukua anachotaka mpaka pesa yake iishe.

Mambo yamekuwa magumu, hilo halina mjadala. Wageni wachache, na Idi ikiisha tu ni msimu wa upepo wa Kusi, Aprili mpaka Juni hoteli nyingi zinafunga milango, kwa hivo ata kile kidogo ulichokipata unakiwekea miezi ya mbele. Wafanyakazi nao payslipu zishamegwa, SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, pesa ya nyumba asilimia 1.5 na mwajiri naye anatoa 1.5 yake, NSSF ya akiba ya uzeeni nayo imepanda, alafu mtu huyohuyo aende dukani akute bei za Lamu ambapo kila kilo ya sukari imekuja kwa lori mpaka Mokowe, gatini kule bara, ikavushwa kwa boti ikabebwa na punda. Sasa mwambie mtu kama huyo Idi hii tutaonana mwakani. Mpishi wetu anafunga mwezi mzima na kila mchana anawapikia wageni samaki wa kupaka asioweza ata kuonja chumvi! Mimi siwezi kumwacha arudi kwake mikono mitupu siku ya sikukuu, ata kama nimepata kidogo.

Kitu kimoja lakini niseme wazi kwa waajiri wenzangu. Mshahara kwanza. Kuna watu wanampa mtu kilo mbili za ngano na mshahara wa mwezi bado wanao wao, alafu wanataka kushukuriwa. Hiyo si zawadi. Lipa haki yake kabla ya Idi, alafu hicho cha juu ata kiwe kidogo vipi kitapokelewa kwa moyo. Sisi mwanzoni mwa Ramadhani tuliketi nao wote tukawaambia mwaka huu ni elfu mbili na mia tano kila mmoja, ni chini ya mwaka jana, na sababu ni hii na hii. Hakuna aliyenuna. Watu wanaona wenyewe vyumba viko vitupu, wao ndo wanaovifagia.

Nlikuwa nimepigiwa hesabu za hampa za madukani, zile za kikapu na karatasi ya kumetameta na utepe. Ukifungua ndani kuna biskuti, jusi, jemu, chokoleti imeshaanza kulainika kwa joto, na nusu ya pesa imeenda kwa kikapu. Kwa pesa hiyohiyo apa Langoni mtu mmoja alitoka na mchele wa biriani kilo tano, ngano, sukari, mafuta lita mbili na tambi za asubuhi ya Idi. Lakini raha ya daftari ni kwamba wengine hawakutaka hivo. Kijana wa boti alichukua unga wa sima na maharage mengi kwa sababu nyumbani kwao ni watu wengi. Dada wa usafi aliuliza kama anaweza kujaza mtungi wa gesi badala ya mchele, na ami mwenye duka akasema ngoja, akampeleka kijana wake duka la jirani, gesi ikajazwa, ikakatwa kwenye jina lake. Mimi nisingejua kabisa kwamba gesi ndo iliyokuwa imemuishia, na si lazima nijue.

Mizani yao ni ya haki, na nimesimama pale nikiangalia. Bei hawakupandisha kumi la mwisho la Ramadhani wakati wengine wote walikuwa wanapandisha, walishika ile waliyonipa mwanzoni mwa mwezi. Na risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, watu wa kodi, wanatoa, waambie mapema tu na uwape PIN yako ya KRA, usikubali kale kakaratasi ka mkono, kwa sababu bila hiyo KRA hawakukubalii kama gharama ya biashara. Kwa upande wa kodi pia kumpa mtu vitu ni nafuu kuliko pesa taslimu. Bonasi ya pesa inaingia kwenye mapato yake, na mwenye kuvuka 24,000 kwa mwezi inakatwa PAYE, kodi ya mshahara, lakini manufaa yasiyo ya pesa tangu mwisho wa Desemba 2024 hayatozwi mpaka yavuke 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Zamani ilikuwa 36,000. Watu wengi apa hawana habari.

Sasa yaliyoniudhi. Kumi la mwisho usiku, baada ya tarawehe, pale hapapitiki. Foleni mpaka njiani, punda wanapita katikati ya watu, na vijana wa kaunta wanachanganya madaftari. Mmoja wetu wa kijiji cha Matondoni alikaa mpaka usiku mkubwa akakosa boti ya kurudi, ikabidi alale kwa shangazi yake. Alafu halua yao usichukue, ni ngumu na imekaa, nenda kwa wapishi wa halua wenyewe uile ingali moto.

Na jengine kubwa zaidi, yule kijana wa duka alitaka kuwapiga picha wafanyakazi wameshika mifuko aweke kwenye status yake. Nlikataa papo hapo. Mtu mzima mwenye watoto wake, amefanya kazi ya halali, kwa nini aoneshwe mji mzima akipokea unga kama masikini wa mlangoni? Namshukuru ami, alimkemea kijana mbele yetu na akaniambia, "Mwanangu, hilo halitarudi tena, haki yako." Na kweli halikurudi.

Wenzetu wawili wa bara nao waliandikwa. Hawafungi, lakini wanafanya kazi ileile, na walisema wao wangependa cha kwao kingoje Krismasi wakisafiri nacho kwao. Duka likakubali kuwawekea, imeandikwa na kusainiwa.

Mimi nawapa nyota nne. Ukitaka kwenda, nenda kabla ya Ramadhani kufika nusu, mchana baada ya adhuhuri ndo kuna nafasi ya kuzungumza, na omba daftari lako liwe na ukurasa wake peke yake. Kupeleka mzigo kwa punda mpaka mtaa wa Mkomani unalipia mbali, kijiji cha Shela ni zaidi, patana kabla hawajapakia. Malipo ni taslimu ama M-Pesa, kadi hawana.