Simu ipi ununue ukitaka saa ijifiche nyuma ya Kibo

Wakuu, tangu niweke picha ya Kibo kwenye loki skrini, ile ambayo ncha ya mlima inaziba kidogo miguu ya namba za saa, sipandi haisi ya Kiboriloni bila mtu kuchungulia na kuuliza "hiyo umedownload wapi?" Sijadownload popote aisee, ni simu yenyewe inafanya, ndo maana swali la kwanza sio wolpepa gani, ni simu gani. Nimezipanga kwa akili yangu na mfuko wangu, na naongelea zilizotumika maana ndo wengi tunanunua hapa Moshi.

Namba moja kwangu ni iPhone 11. Hii kitu ya saa kujificha, wenyewe wanaita depth, ilikuja na iOS 16 (iOS ndo mfumo unaoendesha iPhone), Septemba 2022, na inataka chipu ya A12 kwenda juu, kwa sababu simu inaichambua picha yenyewe, huyu mtu, ile mbingu, halafu inaichomeka saa katikati. XR nayo ina A12 kwa hiyo utajiuliza kwa nini nisichukue XR ya bei nafuu, sawa, lakini XR imeishia iOS 18 na 11 inapokea iOS 26. Tofauti yake unaiona hivi: kwenye iOS za nyuma ukiweka wijeti, vile viboksi vidogo vya hali ya hewa au betri, chini ya saa, ile depth inakufa palepale, unachagua moja. Kwenye iOS 26 wijeti unazishusha chini kabisa ya skrini na mlima unabaki unaziba saa, unakula vyote viwili.

Namba mbili ndo hiyo XR. Ya 2018, kioo kikubwa, na kama wijeti huna shida nazo basi hutajuta, hela inayobaki nunua kava.

Namba tatu iPhone 12, na imekuwa ya tatu kwa sababu ya bei tu, sio uwezo. Kioo chake ni OLED, weusi unakuwa mweusi kweli, na kwenye iOS 26 picha inacheza ukiinamisha simu kama vile mlima umesogea. Mwenye hela apite hapa moja kwa moja.

Sasa sikilizeni hapa, iPhone X USINUNUE kwa kazi hii. Mimi niliingia mkenge. Duka moja mjini, chalii wa duka ananionyesha X, kioo kinawaka kuliko XR iliyokuwa pembeni, na iOS 16 ipo, nikajua nimepata dili. Nafika nyumbani nabonyeza loki skrini kwa muda, naweka picha, nafungua vile vidoti vitatu, hamna kitu. Nimekaa na mafundi wawili mpaka nikaelewa X ni ya 2017, chipu A11, iOS 16 inaingia lakini depth haiji na haitakuja. 8 na 8 Plus ni hivyohivyo.

Upande wa Android, Xiaomi zenye mfumo wa HyperOS wanayo na inapendeza, ila Redmi za bei ya chini sio zote, kwa hiyo usiamini mdomo wa muuzaji, weka picha ya mtu hapohapo dukani uone. Samsung kwenye mfumo wao wa One UI 8 saa inajikunja kuzunguka mtu badala ya kuingia nyuma yake, wengine wanapenda, mimi naona kama saa imeogopa.

Kabla hujatoa hela piga *#06#, ile IMEI, namba ya utambulisho wa simu, itume kwa meseji kwenda 15090 ujue simu ni ya kweli. Halafu kwenye iPhone 11 na 12 ingia seting, sehemu ya kuhusu simu, kama kioo kilibadilishwa kikawekwa kopi inaandika. Na hakikisha iCloud, akaunti ya Apple ya anayekuuzia, imetoka, atoe mbele ya macho yako.

Picha nayo ina mambo yake. Piga simu ikiwa wima na acha mbingu ya kutosha juu, kitu kiguse chini ya namba tu, kikipanda kikaziba saa nusu simu inakataa, inaileta saa mbele. Ikikataa bana picha kwa vidole viwili ishushe kidogo. Kibo kipige saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla mawingu hayajakaa, maana theluji nyeupe na wingu jeupe simu inachanganya, mara inakata kilele mara inakata wingu. Na sio lazima iwe potreti, hata ya kutumiwa WhatsApp inakubali kama mtu anaonekana vizuri.

Ya pili niliyoweka ni ya mama, kilemba chake kimeziba mguu wa namba saba. Alivyoiona akaishika simu kwa mbali, akaigeuza akaangalia nyuma, akauliza, "Sasa hii saa mbona imenijificha mgongoni, inadaiwa?"