Basi la asubuhi Dar–Dodoma: viti safi, ila haraka yao inaanzia stendi

Nianze na mazuri, maana yapo. Viti viwili kwa viwili, magoti hayagusi kiti cha mbele, AC inapuliza kweli, na maji na biskuti unapata mapema. Konda ana lugha nzuri. Kwa nauli ile sina neno.

Shida inaanzia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Tiketi inasema saa 12:00 asubuhi, lakini saa 12:40 buti bado liko wazi, vijana wanashindilia magunia na maboksi, na wapiga debe wanasaka abiria wa viti vilivyobaki. Dereva kakaa kwenye usukani anatazama saa tu. Ikaja foleni ya Kibaha, ikaja mizani ya Vigwaza. Tunafika Chalinze, konda anapokea simu ya ofisini: mko wapi mpaka sasa?

Stendi ya Msamvu, Morogoro, tulipewa dakika chache za kuchimba dawa. Kijana mmoja alidandia basi likiwa limeshaanza kuondoka, chipsi mkononi. Mbele ya Dumila, kwenye kona za kuelekea Gairo, dereva akaanza kuyagandia malori, pua ya basi ikichungulia upande wa pili. Semi moja alilipita juu ya mstari mzima. Fuso lililokuwa linashuka lilikimbilia kwenye changarawe kutupisha. Kifaa cha kufuatilia mwendo kinalia, yeye anakanyaga. Madereva wenzake wakimpigia taa kwamba kuna tochi ya kupima mwendo mbele, anapoa. Akishampita trafiki, moto ule ule.

Na sisi abiria tusijitoe. Mama mmoja alisema, "Baba, taratibu, tuna watoto humu." Viti vya nyuma vikajibu, "Kanyaga mafuta, suka, tumechelewa!"

Sasa piga hesabu. Ukomo wa basi ni kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo kilomita 100 ni dakika 75. Akienda 100, ni dakika 60. Kaokoa robo saa, tena kama barabara ni nyeupe, hakuna matuta wala vijiji vya 50. Ila kwa mwendo huo basi linakula karibu mita 28 kila sekunde, na mguu haujafika hata kwenye breki. Dodoma tuliingia tumechelewa vilevile.

Nyota mbili kwa tano. Moja namkata dereva, maana usukani alishika yeye. Mbili naikata ofisi: dakika walizouza Mbezi kwa magunia, wanataka azirudishe yeye kwenye kona. Kama saa yao ya kweli ni 1:00, waandike 1:00, tutajipanga.

Mwenye kikao mchana Dodoma akate tiketi ya treni ya SGR au asafiri siku moja kabla. Na ukipanda hili, kiti cha mbele kabisa waachie wenye roho ngumu.