Sava ya ofisini dhidi ya SSD ya ndani: uzoefu wangu

Studio yetu inahariri video za harusi na send-off. Zamani klipu zilitembea kwa diski za mkononi, na mwenye diski akichelewa wengine wanakaa tu. Tukanunua sava ndogo ya diski nne ili wote tuchote sehemu moja.

Muuzaji alizisifu sana diski, swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha sava na kompyuta kwa kebo) hakuigusa, wakati kasi inaamuliwa huko. Swichi ya gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125 (baiti moja ni biti 8), na kwenye kazi halisi unapata kama 110. Diski moja ya kawaida ya mizunguko 7200 kwa dakika husoma faili kubwa kwa megabaiti 150 na zaidi, sembuse nne kwa pamoja! SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya aina ya SATA inafika 550, na ya aina ya NVMe, ikiwa nzuri, inapita 3000. Hapo mtandao hauna ubavu.

Ila kuhariri hakuhitaji kasi yote hiyo. Klipu zetu za 4K ni megabiti 100, yaani megabaiti 12.5 kwa sekunde, na mhariri mmoja haoni tatizo lolote. Balaa ni harusi ya kamera nne ikifunguliwa na wahariri watatu kwa wakati mmoja: mitiririko 12, megabaiti 150. Picha inakwama, na kila mtu analaumu kompyuta yake.

Dawa ikawa swichi ya gigabiti 2.5. Kebo za Cat5e zilizokuwa ukutani hatukuzigusa, kompyuta zisizo na tundu la kasi hiyo tukazipachika adapta za USB. Sasa kunakili faili kubwa kunakaribia megabaiti 280, na kamera nne zinacheza.

Mtandao bado unashindwa kwenye vijifaili vidogo, kwa kuwa kila kimoja kina maombi na majibu yake kwenda na kurudi. Kwa hiyo kashe ya programu ya kuhariri (vijifaili vyake vya muda) inakaa kwenye NVMe ya kila kompyuta, sava inabaki na klipu. Laptopu kwenye Wi-Fi? Kwa kazi hii, usijaribu.

Swichi naipa nyota tano. Sava naipa nyota nne, feni yake ina kelele mno kwa chumba cha watu wanaosikiliza sauti. Gigabiti 10 nimeiacha kwanza: swichi zake bado ghali, na kebo ya Cat6 huibeba kwa uhakika hadi kama mita 55 tu.