Wiki moja kwenye katamarani Ugiriki: tulichopata kwa pesa zetu

Tulikuwa wanane: mimi na mke wangu, dada zangu wawili na waume zao, mama, na shangazi. Mama na shangazi walitoka Mombasa, sisi wengine tunaishi London. Septemba tukakodi katamarani, boti ya tanga iliyo kama mashua mbili zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, kwa wiki moja, Jumamosi hadi Jumamosi, kutoka marina ya Lefkada, magharibi mwa Ugiriki.

Wengi hukimbilia visiwa vya Cyclades. Mimi nilivikwepa kwa sababu ya mama. Kiangazi huko huvuma meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kushika siku kadhaa mfululizo. Bahari ya Ionia, inayoizunguka Lefkada, ni pole zaidi. Asubuhi maji yametulia, mchana upepo wa kaskazini-magharibi unainuka, jua likizama nao unalala. Kutoka Lefkada kwenda Meganisi, Ithaki na Kefalonia ni mwendo wa saa chache tu kwa siku, na nchi kavu huipotezi machoni.

Boti yetu ilikuwa ya futi 42, upana karibu mita 8, vyumba vinne na kila kimoja na choo chake. Boti ya kawaida ya tanga hulala upande ikishika upepo. Katamarani haiinami hivyo. Mama alipika samaki wa nazi kwa tui la kopo tulilobeba London, tanga limejaa, na sufuria haikuteleza jikoni. Kwa wazee wetu hilo pekee lilitosha. Ila haipendi kwenda joshi: upepo ukitoka mbele tulikuwa tunawasha injini. Na marina nyingi hutoza zaidi kwa sababu ya upana wake.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: kodi ya boti euro 4,600, nahodha 200 kwa siku na chakula chake juu yetu, usafi wa mwisho 250, dizeli 190. Jumla 6,440, yaani 805 kila mtu, kabla ya chakula, ada za bandari na ndege. Dhamana ya 4,000 ilizuiwa kwenye kadi yangu.

Shemeji yangu mmoja aliona nahodha ni gharama ya bure, kwa kuwa yeye ana cheti cha kuendesha boti. Tulipofika Fiskardo alinyamaza. Ni bandari ndogo kaskazini mwa Kefalonia, iliyosalimika na tetemeko la 1953, na nyumba zake za zamani zinatazama maji. Saa kumi jioni gati lilishajaa. Huko boti hazifungwi ubavu: unatia nanga mbele, unarudi kinyumenyume mpaka tezi, yaani nyuma ya boti, ikaribie gati, ndipo kamba zinarushwa. Upepo ulitupiga ubavuni, boti kushoto, boti kulia, na nafasi iliyobaki haikuzidi mita moja kila upande. Nahodha hakupandisha sauti. Injini moja ikasukuma mbele, nyingine nyuma, katamarani ikajizungusha palepale. "Kamba ya upande wa upepo kwanza," akamwambia shemeji. Ikafungwa mara moja. Shangazi alikuwa bado na kikombe chake cha chai mkononi.

Kampuni iliyotukodisha, sina sifa nyingi za kuipa. Siku ya pili mashine ya kidau cha mpira, kile cha kutupeleka ufukweni, iligoma, na fundi alitufikia kesho yake mchana. Wakati huo tumetia nanga ghubani, na mama hawezi kuogelea mpaka ufukweni. Tuliporudisha boti wakatudai mkwaruzo kwenye tezi. Namshukuru Mungu nilikuwa nimepiga video boti nzima kabla ya kutia saini, ndani na nje, na mkwaruzo ulionekana wazi. Dhamana yote ikarudi baada ya siku kumi na moja. Ukikabidhiwa boti usikubali kuharakishwa: washa mashine ya kidau mwenyewe, teremsha nanga uipandishe, fungua kila bomba.

Wenye pasipoti ya Kenya au Tanzania wanahitaji viza ya Schengen. Ombeni mapema, kwa sababu majina na namba za pasipoti za wote huingia kwenye orodha ya watu wa botini.

Juni tunarudi, Mungu akipenda. Safari hii nimempigia nahodha kwanza kujua wiki aliyo huru, na kampuni ya boti nitatafuta nyingine.