Kadi za Krismasi za studio ya Disney: salamu au tangazo?

Haya jamani, karibuni. Leo mezani nina kadi sita, za aina ile ambayo studio ya Walt Disney kule California ilikuwa ikiwatumia watu Krismasi, kuanzia miaka ya 1930. Nimezinunua mtandaoni. Muuzaji simtaji, mtaona kwa nini.

Ngoja nisogeze karibu na kamera. Huyu Snow White na mbilikimo wake, Krismasi ya 1937. Sasa shika tarehe: filamu ilizinduliwa Los Angeles tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, siku nne kabla ya sikukuu. Unafungua bahasha ukidhani unatakiwa heri, kumbe umeshaalikwa sinema! Na hii ya Pinocchio ni ya Krismasi ya 1939, filamu yenyewe ikatoka Februari 1940. Hapo mtu anaonjeshwa kabla chungu hakijaepuliwa.

Ila kilichonivutia zaidi ni kalenda. Baadhi ya kadi zao zilibeba kalenda ya mwaka unaofuata. Hapa kwetu mnajua, kalenda ya duka la vipuri inakaa ukutani mpaka Desemba, hata kama gari huna. Kadi ya kawaida Januari iko jalalani. Yenye kalenda haitupwi, na kila ukiangalia tarehe unamwona mhusika wa filamu. Aliyebuni hilo alijua kazi yake.

Turudi kwa bidhaa. Tangazo la muuzaji lilisema "halisi za zamani". Nikachukua ile taa ya kukagulia noti bandia, nikazima ya chumbani. Oneni, karatasi inang'aa buluu kama shati jipya la shule. Karatasi ya miaka ya 1930 haikuwa na dawa hiyo ya kung'arisha, kwa hiyo hizi ni nakala za juzijuzi. Chini ya lenzi pia, wino umetawanyika kama rasharasha, wakati chapa ya zamani hupanga vidoti kwa mistari.

Kama nakala, si mbaya: rangi zimekolea, karatasi nzito, mkunjo umenyooka. Ukizipata kwa bei ya nakala, chukua, zitapendeza kwenye fremu. Mimi nimelipa bei ya kitu cha kale, na ujumbe wangu wa kudai pesa umesomwa tangu Jumanne, kimya.