Uzoefu wangu wa therapi nikiwa na pumu na paniki kwa pamoja (miezi 5, vikao 14)

Naandika hii maana kabla sijaanza nilimtafuta sana mtu mwenye vyote viwili aliyewahi kukaa na mshauri, nikakosa, kila mtu anaongelea kimoja tu. Mimi ni fundi nguo, niko Dar, pumu ninayo toka darasa la tatu. Paniki, yaani hofu kali ya ghafla, zilianza 2023 baada ya usiku mmoja niliolazwa kifua kimebana mpaka nikawekewa oksijeni. Toka ule usiku nikawa naogopa pumzi yenyewe, yaani nikipanda ngazi nikahema kidogo tu kichwa kinaniambia ndo ile imerudi, moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, na mimi huyo nakimbilia inhela. Sasa ile ya bluu, salbutamol, ukiipuliza sana inatetemesha mikono na moyo nao unadunda, kwa hiyo nilikua napuliza kwa ajili ya hofu, moyo unadunda zaidi, naogopa zaidi, napuliza tena. Kopo lina dozi 200, langu lilikua halimalizi mwezi.

Mshauri wa kwanza simtaji wala kituo chake. Nilienda mara mbili tu. Siku ya pili nikaanza kuongelea msiba wa mama, ambaye naye pumu ndo iliyomchukua, nikalia, na wenye pumu mnajua kulia sana au kucheka sana kunaweza kukibana kifua kabisa. Chumbani kuna udi unafuka, eti wa kutuliza wateja, AC inawaka na madirisha yote yamefungwa. Naingiza mkono kwenye pochi natafuta inhela naambiwa "iache mdogo wangu, hiyo ni hofu tu, vuta pumzi ndefu, haya vuta tena". Navuta haishuki, kifua kinapiga filimbi na yeye bado ananiambia ni hofu. Nilitoka nikapulizia dawa kwenye korido nimechuchumaa, mlinzi ndo alinishikia mkoba. Ilinichukua zaidi ya mwaka kukaa tena mbele ya mshauri yeyote.

Hapa nilipo sasa hivi nilielekezwa na daktari wangu wa kifua. Kikao cha kwanza huyu dada, mshauri wangu wa sasa, hakugusa msiba wala utoto wangu, aliuliza kifua kikibana kinaanzaje, kuna filimbi, unakohoa, usiku kinakuamsha mara ngapi, na inhela ya kila siku unayo? Sikua nayo. Akaniambia hatuendi mbali mpaka hilo likae sawa, akaniandikia barua nirudi kwa daktari. Daktari akanianzishia inhela ya kila siku yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, na akanieleza kwamba toka 2019 mwongozo wa GINA, ule wa kimataifa wa pumu, hautaki tena mtu mzima atibiwe kwa ya bluu peke yake, maana inafungua njia ya hewa lakini uvimbe wa ndani unabaki pale pale. Miaka yote hiyo nilikua naishi kwa ya bluu tu.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kile kibomba cha plastiki cha kupima pumzi. Unapuliza kwa nguvu, mshale unapanda, unafanya mara 3 unachukua namba ya juu. Yangu nikiwa mzima ni 420, daktari akanipangia: ikishuka chini ya 336 napuliza dawa bila kubishana na mtu, ikifika 210 ni hospitali. Tunapima kila kikao kabla ya kuanza. Dada alinisisitizia kwamba namba peke yake haitoshi, mtu mwenye paniki kali anaweza hata kupuliza vibaya, kwa hiyo ukiwa na mashaka chukua inhela kwanza. Ukiitumia bure umetetemeka mikono nusu saa, ukiiacha kumbe ni pumu unaweza usirudi nyumbani.

Kikao cha 6 nikarudi kwenye habari za mama, nikalia, kifua hicho, ganzi mpaka midomoni. Tukapima: 390. Filimbi hakuna. Niliangalia ule mshale nikaona huu mwili wangu unanitisha tu. Hakuniambia nivute pumzi, aliniambia toa, toa polepole kama unapoza uji wa moto, kwa sababu kwenye paniki unakua umehema kupita kiasi na hiyo ganzi inatokana na kupungua kwa kabonidayoksaidi kwenye damu. Kama dakika nane hivi ikashuka yenyewe. Ilikua mara ya kwanza toka 2023 paniki inapita bila mimi kupuliza chochote, nikalia tena, ila safari hii kwa furaha.

Kikao cha 9 ikawa kinyume, nimetoka kwenye vumbi la barabara inayojengwa, napima 290. Akasimamisha kila kitu, nikapuliza mara 4, moja moja kwa kutumia spesa (kile kichupa cha plastiki kinachounganishwa na inhela), yeye anaangalia saa, baada ya dakika kumi ikafika 350. Hakutamka neno hofu. Na pale ndo nilimwamini kabisa.

Kuna mazoezi pia ya kuzizoea zile dalili, kama kuzungushwa kwenye kiti mpaka kizunguzungu au kukimbia pale pale dakika moja. Kukimbia tulisubiri daktari aruhusu. Lile la kupumulia mrija alilitoa kabisa kwa ajili ya pumu yangu, kwa hiyo kama una pumu mwambie mshauri wako mapema.

Malalamiko ninayo. 50,000 kwa kikao na bima yangu hailipi, mwezi mbovu wa cherehani narukisha wiki. Ghorofa ya tatu lifti mbovu, unafika moyo tayari uko juu, mi huwa naenda dakika 20 kabla nikae kwanza. Vikao vya simu nilijaribu viwili, mtandao ukikatika katikati ya paniki unabaki peke yako, sitarudia. Pale mapokezi pafyumu ilikua kali na chumbani kulikua na kapeti nene la vumbi, nikawaambia, pafyumu wakaacha wiki ile ile.

Nyota 4 kati ya 5. Juzi nimeingia nimekuta kapeti nalo limetolewa, vigae vitupu. Kikao cha 15 ni Jumatano, tumekubaliana ntausimulia ule usiku wa oksijeni wote, sijawahi kuumaliza.