Filta ya ND Inayofifia kwa Lenzi Pana: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mpiga picha anayesimama ufukweni Jambiani alfajiri na yule anayeutazama Kilimanjaro kutoka tambarare za Amboseli hukutana na tatizo lile lile: anga limeshawaka ilhali ardhi bado iko gizani. Kamera ikifuata mwanga wa ardhi, mawingu hugeuka weupe mtupu; ikifuata anga, ngalawa na nyasi humezwa na giza. Filta ya ND inayofifia (ND ni kifupi cha “neutral density”, yaani kijivu kisichobadilisha rangi) ni kipande cha kioo au cha plastiki ngumu ambacho sehemu yake ya juu imetiwa rangi ya kijivu na ya chini ikaachwa wazi, ili mwanga wa anga peke yake upunguzwe kabla haujafika kwenye sensa. Kuunganisha picha kadhaa kwenye kompyuta ni njia nyingine halali, lakini matawi yanayoyumba na mawimbi yanayokuja na kurudi huitia dosari. Isitoshe, huku kwetu karibu na Ikweta jua hupanda karibu wima, na mwanga mzuri hupita upesi. Ndiyo maana ninaamini kwamba filta hii bado inastahili kununuliwa.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza jina la kampuni, kisha kiasi cha giza. Kwa mwenye lenzi pana, yaani ile inayoona eneo kubwa kwa mara moja, jambo la kwanza kuangalia ni mpito, yaani ule ukanda ambao kijivu huishia na uwazi kuanza. Lenzi ya milimita 200 ikifungwa kwenye f/11 (yaani urefu wake ukigawanywa kwa 11) huwa na tundu la kupitishia mwanga la milimita 18 hivi, kwa hiyo kila nukta ya picha hupokea mwanga uliopita kwenye eneo kubwa la filta, na mpito hutandazwa kiasi cha kutoonekana. Lenzi ya milimita 16 kwenye f/11 hiyo hiyo ina tundu lisilofika milimita moja na nusu, na juu ya hayo huitazama sehemu kubwa ya filta kwa wakati mmoja. Mpito hubaki bayana. Filta ambayo haikuacha alama yoyote kwenye lenzi ndefu inaweza kuchora mstari wa giza katikati ya mlima, na mstari huo huonekana zaidi picha inapochapishwa kwa ukubwa.

Kwa kuzingatia hilo, nafasi ya kwanza naipa filta ya mpito wa kati yenye nguvu ya stopu 3 (stopu ni kipimo cha mwanga, na kila moja huupunguza kwa nusu). Ukanda wake ni mpana vya kutosha kutoacha mstari kwenye kilele au mgunga unaochomoza juu ya upeo wa macho, lakini si mpana kiasi cha kuacha anga la chini bila kinga. Kama mfuko unaruhusu filta moja tu, iwe hii.

Nafasi ya pili ni ya mpito laini, nao pia uwe wa stopu 3. Huu hufaa mahali ambapo upeo umevunjika vibaya, kama unapotazama bondeni kutoka Irente kule Usambara, ambako miamba, miti na mabonde hupishana kila upande. Udhaifu wake ni kwamba giza kamili hupatikana sehemu ya juu ya filta pekee, ilhali wakati wa macheo mwanga mkali zaidi uko chini, pale anga linapogusana na ardhi. Anayenunua mpito laini wa stopu 2 kwa kuogopa giza kupita kiasi mara nyingi hujikuta na filta isiyofanya kazi yoyote ya maana.

Ya tatu ni filta ya kinyume, ambayo giza lake zito liko katikati kabisa na hupungua kadiri unavyopanda juu. Imetengenezwa kwa ajili ya jua lililo juu tu ya maji, na kwa kazi hiyo hakuna inayoifikia. Mkazi wa Paje, Watamu au Diani, ambako jua huchomoza kutoka baharini, anaweza kuipandisha hadi nafasi ya pili bila kujutia. Mwenye kupiga milima aiache, kwa sababu jua likishapanda kidogo faida yake inakwisha.

Mpito mkali nauweka nafasi ya nne. Hufaa kwa bahari tupu isiyo na kitu kinachopita juu ya upeo, na hata hapo mlingoti wa jahazi moja unatosha kuonyesha mahali giza lilipoanzia.

Ya mwisho ni filta ya duara inayoskrubiwa moja kwa moja kwenye lenzi. Ni ya bei nafuu na hubebeka kwa urahisi, lakini mpito wake umefungwa katikati ya fremu, tofauti na filta za mstatili zinazosogezwa juu au chini kwenye kishikio. Mpiga picha analazimika kuweka upeo nusu kwa nusu katika kila picha, na hilo ni gharama kubwa kuliko pesa iliyookolewa. Sishauri inunuliwe.

Kuhusu nguvu, maandishi ya 0.3, 0.6, 0.9 na 1.2 yanamaanisha stopu 1, 2, 3 na 4. Pima anga, kisha pima ardhi: ikiwa anga linataka sekunde 1/250 na ardhi sekunde 1/15, tofauti ni stopu 4. Filta ya stopu 3 itaacha tofauti ya stopu 1, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani jicho limezoea anga lenye mwanga kuliko ardhi. Penye maji yaliyotulia, uangalifu uzidi. Taswira ya mlima majini haiwezi kuwa na mwanga kuliko mlima wenyewe, na picha inayoonyesha hivyo hujulikana mara moja kuwa imetiwa giza kupita kiasi.

Ukubwa unategemea lenzi. Kwa lenzi nyingi pana zenye skrubu ya milimita 77 au 82, mfumo wa milimita 100 kwa 150 ndio chaguo sahihi, pamoja na kishikio chembamba na ringi inayozama ndani ili pembe za picha zisiwe nyeusi. Mfumo wa milimita 84 wa Cokin P ni nafuu na unaweza kutosha kwa kamera za sensa ndogo, lakini kwenye milimita 16 ya sensa kamili (yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35) kishikio chake cha kawaida huingia kwenye picha. Lenzi zenye kioo kilichovimba mbele, kama Nikon 14-24mm f/2.8G, huhitaji filta za upana wa milimita 150 na kishikio chake maalumu, na gharama hiyo ihesabiwe kabla ya kununua lenzi yenyewe.

Kati ya kioo na rezini, yaani ile plastiki ngumu, ninapendelea kioo kwa mazingira yetu. Vumbi la Amboseli na chumvi ya bahari hulazimisha kufuta filta mara kwa mara, na rezini huchubuka kwa urahisi inapofutwa. Kioo hustahimili, ila kikianguka juu ya mwamba kimekwisha. NiSi, Kase na Haida hutengeneza za kioo. LEE ya Uingereza imejijengea jina kwa rezini. Filta moja nzuri mara nyingi hupita dola 100, kwa hiyo ijaribiwe kabla ya kulipiwa: tumia mizani moja ya rangi (“white balance”) isiyobadilika, piga ukuta mweupe bila filta, kisha piga tena ukiwa umeweka sehemu ya kijivu mbele ya lenzi na kuongeza muda wa mwanga kwa idadi ile ile ya stopu. Picha ya pili ikielekea zambarau au kahawia, irudishe kwa muuzaji.